Malindi na Nuru ya Masalio

Toka mwaka 1967 mpaka mwaka 1997, miaka thelathini kamili, wenye elimu ya nyota walihesabu milipuko ya mbinguni ambayo hawakujua inatokea wapi. Mmoja alisema yatokea karibu, kati ya nyota jirani zetu. Mwingine alisema yatokea huko mbali kwenye mipaka ya ulimwengu. Wote wawili walikuwa na hesabu nzuri, na hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake, kwani mlipuko wenyewe wadumu nafasi ya pumzi chache tu, kisha ni giza. Jibu lilipatikana siku walipofaulu kuitazama nuru ndogo inayobaki nyuma ya mlipuko, nuru inayofifia siku kwa siku mpaka kupotea. Na habari ya kwanza ya nuru ile ilishuka duniani Malindi, katika pwani ya Kenya.

Tumeona yafaa jambo hili liandikwe kwa Kiswahili. Vitabu vya historia ya elimu hii vyataja Roma, Amsterdam na Hawaii. Malindi vyaitaja kwa neno moja, kama msafiri mwenye haraka anavyotaja kivuko cha mto. Tena sisi tunaokaa Masisi na Walikale tuna sababu za pekee za kuisoma habari hii, nazo tutazieleza pahali pake.

Wasomaji wajue kwanza kinachoitwa mlipuko wa gama. Gama ni nuru, ndugu ya nuru ya jua na ya mionzi ya X inayotumiwa hospitalini kwa kupiga foto ya mifupa, lakini nguvu yake yazipita zote mbili. Jicho haliioni. Hewa inayoizunguka dunia huizuia, na ni heri kwetu. Ndiyo maana mtu anayetaka kuitazama gama ya mbinguni lazima apeleke mashine yake juu ya hewa, ndani ya satelite. Karibu mara moja kila siku, upande huu ao ule wa mbingu, gama nyingi hutokea ghafula. Milipuko mingine yadumu chini ya sekunde mbili, mingine dakika moja ao zaidi. Kwa nafasi ile fupi mlipuko mmoja waweza kung'aa kwa gama kupita mbingu nyingine yote.

Walioiona kwanza hawakuitafuta. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti walipatana kutojaribu tena mabomu ya atomiki hewani, chini ya maji wala juu ya hewa. Wamarekani walitaka kuwa na hakika kwamba mapatano yanashikwa, wakarusha satelite zilizoitwa Vela, kazi yao ni kutazama kama kuna gama ya bomu. Tarehe 2 mwezi wa saba 1967 Vela ziliona gama ambayo haikufanana na ya bomu lolote. Ray Klebesadel, Ian Strong na Roy Olson, watu wa Los Alamos, walikusanya milipuko 16 ya kati ya mwaka 1969 na 1972, na mwaka 1973 wakaitangaza: haitoki duniani wala kwenye jua. Msomaji wa Kongo hawezi kulipita jina la Los Alamos bila kusimama kidogo. Mabomu ya kwanza ya atomiki yalitengenezwa pale, na sehemu kubwa ya uranyumu ya kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, kwetu Katanga. Basi habari hii yatugusa toka ukurasa wake wa kwanza, ingawa hakuna aliyetuuliza.

Kwa nini miaka thelathini? Mtu wa vilima vya Masisi ataelewa upesi. Usiku risasi yalia. Mlio wagonga kilima hiki, warudi kwa kile, na aliye kitandani hajui kama ni ng'ambo ya mto ao nyuma ya kanisa. Hajui tena kama ni bunduki ndogo ya karibu ao kubwa ya mbali. Kunapokucha akiona moshi, ndipo anajua. Gama ni kama mlio ule. Ni vigumu sana kuikusanya kwa kioo, kama darubini inavyokusanya nuru ya kawaida. Hivyo mashine za zamani ziliweza kusema saa ambayo gama imefika, lakini pahali ilipotoka zilipaonyesha kwa kukadiria tu. Kipande cha mbingu kilichoonyeshwa kiliweza kuwa kipana kuliko mwezi mpevu mara nyingi, na ndani yake nyota na galaksi kwa maelfu. Uelekeze wapi darubini? Na walipopata pahali penye hakika zaidi, siku nyingi ao majuma yalikuwa yamekwisha pita, na moshi umekwisha tawanyika.

Mwaka 1991 Wamarekani walirusha satelite kubwa iliyoitwa Compton, na ndani yake mashine ya jina BATSE. Katika miaka tisa BATSE iliandika milipuko 2704. Ikaonekana kwamba imetawanyika sawasawa pande zote. Haikuufuata ule mkanda mweupe wa nyota tunaouona vizuri usiku wa kiangazi, mwezi wa saba, hewa ikiwa safi. Na kama ingalitoka kwa nyota za galaksi yetu, ingaliufuata. Bohdan Paczyński, Mpolandi aliyefundisha Princeton, alisema basi yatoka mbali sana, nje kabisa ya galaksi yetu. Donald Lamb wa Chicago alijibu kwamba galaksi yetu yaweza kuwa imezungukwa pande zote na nyota za kale zilizokufa, na milipuko yatoka kwao. Mwezi wa nne 1995 walisimama mbele ya wenzao huko Washington, wakabishana kwa adabu nzuri. Hakuna aliyeshinda. Wakati ule maelezo yaliyokwisha andikwa juu ya asili ya milipuko yalipita mia moja. Wenye kusoma teolojia hawatashangaa: maelezo yakizidi hivyo, mara nyingi ni alama kwamba mashahidi ni wachache.

Sasa twende pwani. Mwitalia Luigi Broglio, profesa wa Roma na jenerali wa jeshi la anga, alitafuta pahali karibu na ekwateri pa kurushia satelite, kwani pale mzunguko wa dunia wenyewe wasaidia roketi, na upande wa mashariki ni bahari tupu. Alipapata katika ghuba ya Ngwana, kaskazini ya Malindi. Majukwaa ya chuma yalisimamishwa majini, nayo yaliitwa San Marco na Santa Rita. Satelite ya kwanza ilipanda kutoka pale mwaka 1967, ya mwisho mwaka 1988. Iliyo na sifa kuliko zote ilirushwa tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na kwa sababu ile ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo satelite ya kwanza ya dunia nzima iliyofanywa kusudi kwa kuchunguza mionzi ya X ya mbinguni. Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi ile alipata tuzo la Nobel mwaka 2002. Hivyo neno la Kiswahili, lile lile walilolipaza wazee wetu katika miaka ya 60, limeandikwa katika orodha za nyota: vitu vingi vya mbinguni vingali vikiitwa mpaka leo kwa hesabu ya Uhuru.

Roketi hazirushwi tena pale, lakini antena zilibaki nchi kavu, zikihudumiwa na Waitalia na Wakenya. Mwaka 1996 zilipata kazi mpya. Tarehe 30 mwezi wa nne, kutoka Florida, ilirushwa satelite ya Italia na Uholanzi iliyoitwa BeppoSAX. Beppo ni jina la kupendwa la Giuseppe Occhialini, mwalimu mkubwa wa fizika aliyekufa mwaka 1993. SAX ni kifupi cha maneno ya Kiitalia, yaani satelite ya elimu ya nyota kwa mionzi ya X. Na kituo chake duniani kilikuwa kimoja tu, Malindi.

Hapa twaomba msomaji achukue ramani. Masisi na Walikale ziko karibu digri moja na nusu kusini ya ekwateri. Malindi iko digri tatu na kidogo. BeppoSAX ilizunguka dunia ikielekea mashariki, kimo cha kilometri 600 hivi, wala haikuondoka kwenye ekwateri kupita digri nne upande huu ao ule. Basi kwa kila mzunguko, yaani kila saa moja na nusu na zaidi kidogo, ilipita juu ya misitu ya Kongo, pengine juu yetu kabisa, pengine jirani, na dakika tatu hivi nyuma yake ilikuwa juu ya Malindi. Tena, kwa kuwa kitu kilicho juu hivyo chaonekana kutoka mbali, ilipokuwa ikipita usawa wa Walikale na Masisi ilikuwa imekwisha anza kuongea na antena ya pwani. Nafasi yake ya kuongea ilikuwa dakika kumi hivi kwa kila mzunguko. Katika dakika zile ilitoa yote iliyoyaandika, ikapokea amri mpya, ikashuka nyuma ya bahari. Kutoka Malindi habari zilipelekwa Roma kwa njia ya satelite nyingine.

Mlipuko tunaoutaka ulitokea tarehe 28 mwezi wa pili 1997. Kwa saa ya Masisi ilikuwa alfajiri, saa kumi na moja kasoro dakika mbili. Ulitoka upande wa kundi la nyota la Orioni, ambalo saa ile lilikuwa limekwisha shuka kwetu. Lakini jioni ya siku ile ile, nyuma ya machweo, Orioni ilisimama karibu na utosi wetu.

Ni watu gani walioitazama jioni ile? Wazee wa huku hawajaisahau miezi ile. Toka mwezi wa tatu 1993, watu walipouawa sokoni Ntoto katika Walikale, vita ilikuwa imeenea Masisi yote. Mwishoni mwa 1996 kambi za wakimbizi za mpakani zilivunjwa, na makumi ya maelfu ya Wanyarwanda wakapita kwa mguu ndani ya Masisi na Walikale, wakifukuzwa, kuelekea Lubutu. Wenyeji nao walikimbia, huyu porini, yule mjini. Kindu ilishikwa na AFDL tarehe 27 mwezi wa pili. Kambi ya Tingi-Tingi, jirani na Lubutu, iliangukia mikononi mwao usiku wa kati ya tarehe 28 na tarehe 1. Mambo haya na mlipuko wa Orioni hayafungamani hata kidogo, wala hatutaki mhubiri yeyote ayafungamanishe. Lakini tarehe ni ile ile, na mbingu ni ile ile; anayeandika historia ya siku ile kwa ajili ya wasomaji wa Kivu hawezi kuandika upande mmoja tu wa ukurasa.

Turudi kwa satelite. BeppoSAX ilikuwa na kamera mbili pana zilizotengenezwa Utrecht, katika Uholanzi. Ufundi wake si mgumu kuuelewa. Fikiri nyumba ya bati lenye matundu mengi: jua lapita, latupa chini madoa ya nuru, na mtu akiyaangalia madoa aweza kusema jua liko upande gani. Kamera zile zilikuwa na bamba la matundu namna hiyo mbele ya macho yao. Kwa bahati, Orioni ilikuwa ndani ya upeo wa kamera mojawapo mlipuko ulipotokea. Satelite ilipoongea na Malindi, mafundi wa Roma walipata si kipande kipana cha mbingu, bali duara ndogo, upana wake sehemu moja kwa tano ya mwezi.

Walikuwa wamejaribu mbele yake. Mlipuko wa tarehe 11 mwezi wa kwanza waliufuata, wakafika nyuma ya masaa 16, wasione kitu cha hakika. Safari hii Enrico Costa, Luigi Piro na wenzao walifanya haraka. Amri ilipanda kutoka Malindi, satelite ikageuka, na nyuma ya masaa manane tu ilikuwa ikitazama pahali pale kwa mashine zake kali zaidi. Ikakuta kitu kinachong'aa kwa mionzi ya X. Tarehe 3 mwezi wa tatu ikatazama tena: kitu kilikuwapo, lakini nguvu yake imepungua karibu mara ishirini. Kitu ambacho chafifia hivyo, pahali pale pale palipotoka gama, si nyota ya kawaida iliyokaa pale kwa nasibu. Kwa mara ya kwanza mwanadamu aliona moshi wa risasi.

Tunaiita nuru ya masalio. Neno hili wasomaji wanalijua kwa habari ya watakatifu. Hapa maana yake ni kile kilichosalia tu, kama makaa mekundu jikoni mwali unapokuwa umekufa.

Ilibaki kuiona kwa nuru ya kawaida, kwani hiyo peke yake yaweza kuonyesha pahali kwa usahihi wa sindano. Jan van Paradijs, profesa wa Amsterdam, alikuwa na wanafunzi wawili, Titus Galama na Paul Groot. Kwa ombi lao darubini ya William Herschel, iliyo kilimani katika kisiwa cha La Palma cha Hispania, karibu na pwani ya Afrika, ilipiga foto ya pahali pale usiku ule ule, masaa 21 hivi nyuma ya mlipuko. Foto moja haisemi neno. Ilijaa vidoa, na kidoa hakina jina. Tarehe 8 mwezi wa tatu wakapiga ya pili, wakaziweka zote mbili pamoja, wakalinganisha kidoa kwa kidoa. Kimoja kilichokuwapo mara ya kwanza hakikuonekana tena. Hata siku ya kwanza kilikuwa hafifu kupita nyota ya mwisho ambayo jicho letu laweza kuiona, hafifu mara milioni moja. Majibu yao yalichapwa katika gazeti la Nature mwezi wa nne 1997, ya Costa katika mwezi wa sita. Van Paradijs alikufa mwaka 1999, bado katika nguvu za kazi yake.

Twapenda kusimama kidogo juu ya namna nuru hii inavyofifia, maana ina desturi yake. Haizimiki kama taa, wala haipungui kwa kipimo kimoja kila siku. Kwa jumla hupungua kadiri wakati unavyoongezeka: saa ya pili ina nusu ya saa ya kwanza, siku ya pili ina nusu ya siku ya kwanza, siku ya kumi ina sehemu moja kwa kumi ao pungufu. Maana yake ni kwamba anayechelewa saa moja mwanzoni apoteza sana, na anayechelewa saa moja nyuma ya juma zima hapotezi kitu. Sababu yake wenye elimu waieleza hivi: mlipuko umetupa mbele yake mtiririko wa vumbi la atomi wenye mwendo unaokaribia mwendo wa nuru yenyewe, mtiririko ule wagonga gesi hafifu iliyoko kati ya nyota, waisukuma, waipasha, nao mwenyewe wapunguza mwendo. Kadiri unavyochoka, nuru yake yapungua na rangi yake yashuka: kwanza mionzi ya X, kisha nuru ya macho, mwisho mawimbi ya redio, ambayo yaweza kusikika miezi mingi.

Swali la umbali lilijibiwa haraka nyuma ya hapo. Tarehe 8 mwezi wa tano 1997 BeppoSAX iliona mlipuko mwingine. Masalio yake yalikuwa na tabia ya ajabu kidogo, yakazidi kung'aa kwa siku mbili mbele ya kuanza kufifia, na kwa hiyo yalipatikana kwa urahisi. Tarehe 11 Mark Metzger na wenzake waliyatazama kwa darubini ya Keck, katika Hawaii, wakaipasua nuru yake katika rangi zake. Ndani yake walikuta alama za chuma na za manyezi, lakini si pahali pake pa desturi: zilikuwa zimesogea kuelekea nyekundu. Nuru ilikuwa imenyoshwa njiani kwa sababu ulimwengu wenyewe ulikuwa ukipanuka. Kutoka kipimo cha kusogea kule wakahesabu kwamba nuru ilikuwa safarini karibu miaka miliari saba. Paczyński alikuwa na haki.

Wanaseminari wakumbuke hapa kwamba wa kwanza kuufafanua upanukaji ule na kuulinganisha na vipimo vya galaksi, mwaka 1927, alikuwa padri, Georges Lemaître wa Louvain. Wakumbuke tena kwamba Papa Pius XII aliposema mwaka 1951 kana kwamba elimu ile yahakikisha uumbaji, Lemaître hakupendezwa. Aliona hesabu zake zisitumiwe kwa kazi isiyo yake. Sisi twaona alifanya vema.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Kama mlipuko watoka mbali hivyo na bado waonekana, basi katika sekunde chache watoa nguvu ya kadiri ya ile ambayo jua litaitoa katika maisha yake yote. Ni nini chenye nguvu hizo? Masalio ya mlipuko mmoja wa jirani kidogo, uliotokea tarehe 29 mwezi wa tatu 2003, yalipokuwa yakififia, ndani yake zilijitokeza alama za nyota kubwa inayopasuka. Ikajulikana kwamba milipuko mirefu, kwa sehemu kubwa, ni kufa kwa nyota kubwa sana. BeppoSAX haikushuhudia hilo. Ilizimwa mwezi wa nne 2002, na mwaka uliofuata ikaanguka katika Pasifiki. Nafasi yake ilichukuliwa na Swift ya Wamarekani, iliyorushwa tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2004. Hii haingoji amri ya mtu. Ikiona gama yajigeuza yenyewe, na ndani ya dakika moja ao mbili imekwisha elekeza darubini zake. Lakini kwa kutoa habari zake nyingi, nayo ilipewa antena ya Malindi.

Milipuko mifupi ilibaki kuwa fumbo mpaka tarehe 17 mwezi wa nane 2017. Siku ile mashine za Marekani na Italia zinazopima mtikisiko wa uzito wa ulimwengu zilisikia nyota mbili zilizokufa, kila moja nzito kuliko jua na ndogo kama mji, zikigongana. Nyuma ya sekunde 1.7 satelite Fermi iliona mlipuko mfupi wa gama. Masaa 11 baadaye darubini ya Swope, katika Chile, ilikuta nuru mpya katika galaksi iitwayo NGC 4993, mwendo wa miaka milioni 130 ya nuru. Kwa kusema sawasawa, nuru ile haikuwa masalio ya namna ya 1997. Masalio yenyewe yalikuja siku tisa nyuma, kwa mionzi ya X. Ile ya kwanza ilikuwa moto wa atomi nzito zilizozaliwa papo hapo. Ilianza buluu, na kwa siku chache ikawa nyekundu na kufifia, kama walivyokuwa wamehesabu mbele kwa atomi za namna ya dhahabu na platini.

Na hii ndiyo sababu yetu ya pekee. Karibu dhahabu yote ya ulimwengu yahitaji moto wa ghafula namna ile. Nyota ya kawaida haiwezi kuipika. Wenye elimu wangali wakijadiliana kama migongano ya nyota zilizokufa yatosha peke yake kwa dhahabu yote, ao kuna tanuru nyingine, lakini kwamba migongano ile ni tanuru mojawapo hakuna anayebisha sana. Chembe ambayo kijana wa Walikale anaiosha mtoni ndani ya karai ni ya kale kuliko dunia. Ilikuwa mavumbi ya mlipuko mbele jua halijawaka. Kasiteriti ya Bisie ina asili nyingine, kwani bati kwa sehemu kubwa hupikwa polepole ndani ya nyota zinazozeeka. Tantali, ile iliyo ndani ya koltani ya Rubaya, katika Masisi, ina asili zote mbili. Nayo yatumiwa katika vifaa vidogo vya umeme vya simu, vya kompyuta na vya satelite. Rubaya ilishikwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Masisi-centre ilifuata mwezi wa kwanza 2025, na Walikale-centre ikashikwa mwezi wa tatu mwaka ule ule kwa majuma mawili hivi. Wakatekista wanaofundisha watoto wa wachimbaji wanaweza kuwaambia jambo hili bila hofu ya kukosea: jiwe ambalo watu wanauana kwa ajili yake lilifika huku bure, mbele ya mipaka, mbele ya milima yenyewe.

Wengine wametuuliza kama mtu asiye na darubini aweza kuona masalio ya namna hii. Karibu siku zote, hapana. Mara moja tu imejulikana kwamba iliwezekana. Tarehe 19 mwezi wa tatu 2008, miezi miwili nyuma ya mkutano wa amani wa Goma, Swift iliona mlipuko ambao nuru yake ilikuwa safarini miaka miliari saba na nusu, na kwa nusu dakika hivi nuru ile ilikuwa na nguvu ya nyota hafifu inayoonekana kwa macho matupu. Darubini ndogo za Chile, zilizokuwa zikitazama upande ule kwa sababu ya mlipuko mwingine wa usiku ule, ziliipiga foto toka mwanzo. Mtu aliyeiona kwa macho yake hajulikani. Kwetu ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu, saa mbili na dakika 12 za asubuhi. Pahali penyewe palikuwa juu kidogo ya upeo, kaskazini-magharibi, nyuma ya vilima, na jua lilikuwa limekwisha panda.